Namba Pembeni mwa Picha

Kriii! Kriii!

Ukumbi mzima wa maonyesho ya picha ulikuwa ukinong'ona tu, na simu hiyo ikawa kama jogoo msibani. Watu waligeuka. Ilikuwa ikilia kwenye mfuko wa mchoraji mwenyewe.

"Haloo?"

"Wewe ndiye uliyechora hiki kichwa cha bluu?" Sauti ilimfikia mara mbili: sikioni, na kutoka kwa bibi mwenye miwani aliyesimama mbele ya picha, simu mkononi.

"Ni mimi, mama. Hebu geuka."

Bibi akageuka, akaangua kicheko. Mama mwenye ukumbi hakucheka. Alimvuta mchoraji kwa shati hadi pembeni.

"Kinyozi!" Ndivyo walivyomwita wote, ingawa hakuwahi kunyoa hata mbuzi. "Umeandika namba yako ya simu kwenye kila picha?"

Ni kweli. Katika nchi aliyozaliwa alichora vichwa kwenye mabango ya vinyozi, na bango lisilo na namba ya fundi wake ni kujipikia njaa. Nchi ya pili hawakutaka vichwa vyake. Huko alipaka kuta za nyumba, akajua kuwa nyeupe si moja: kuna ya maziwa, ya chumvi, ya mfupa. Alipofika nchi hii ya tatu, vile vichwa vya zamani vikaanza kuchomoza katika picha zake, juu ya nyeupe zile za kuta, kama watu wanaochungulia kwa jirani. Jicho lilikuwa limesoma mengi. Mkono, mazoea yana taabu. Picha ikiisha tu, uliteremka wenyewe chini pembeni kuandika namba.

"Wanunuzi wakikupigia wewe, mimi hapa nani? Mfagiaji?" mama akafoka. "Zifute sasa hivi! La sivyo shusha picha zako, urudi kukwangua kuta za watu."

Kinyozi alivimba kama chura. "Mimi sifuti kazi yangu."

"Basi shusha."

Alitazama ukuta. Kuta zote alizopaka zilikuwa za wengine. Huu wa leo ndio wa kwanza kubeba kazi yake. Akatoa brashi na kopo mkobani mwake, akachovya kwenye nyeupe ya mfupa, akaifunika namba ya picha ya kwanza.

Mama akarudi nyuma. Akainamisha shingo kushoto, kisha kulia.

"Mbona kichwa kinaanguka?"

"Kilikuwa kimekalia namba, bosi. Umekinyang'anya kigoda."

Mama aliuma mdomo. Alijaribu kusimama upande mwingine, wapi! Kichwa kilizidi kuporomoka. Jicho analo, hilo hata Kinyozi hakumnyima.

"Irudishe," alisema, kama anayeng'olewa jino. "Zote ziache. Lakini mimi je?"

Rangi ilikuwa bado mbichi. Kinyozi akaipangusa kwa kitambaa, namba ikatokeza. Kisha akajipiga kifua, akapaza sauti ukumbi wote usikie:

"Nakuahidi, mama: kuanzia picha ijayo naandika namba yako. Na wakikuuliza kama unapaka na vyoo, utawajibu mwenyewe!"