Mi ya Bibi Gaudiosa

Nisiposema nitapasuka. Kwaya yetu hapa Maguu ilitaka kumwondoa Bibi Gaudiosa, aliyeongoza sauti ya pili miaka arobaini, eti mi yake, ile noti ya tatu ya do-re-mi, iko chini. Aliyegundua ni mwenyekiti wetu, Alphonce, kwa programu ya simu inayopima sauti. Tangu tuletewe kinanda, kila mara Bibi akiimba mi, simu inaonyesha nyekundu. Alphonce akamwambia akae jirani na kinanda mpaka azoee. Asipozoea hadi Jumamosi ya wiki ya pili, jubilei ya parokia ataitazama akiwa benchi.

Bibi alitii. Wiki mbili aliketi pale, khanga mabegani, akiimba kwa kujibana kama mtu aliyekosa. Iliniuma sana. Mgeni ni kinanda, anayeambiwa azoee ni mwenyeji! Mimi Tumpe ni mtu wa Tukuyu, nimeletwa huku kufundisha hesabu, na hesabu haimwogopi mwenyekiti.

Jumamosi hiyo, mazoezini, nikachukua chaki. Nikawaeleza kwamba do ikitetemeka mara nne, mi inayopatana nayo hutetemeka mara tano. Tano kwa nne, basi. Ila ukipanda hatua tatu za namna hiyo, huifikii do ya juu: unapata 125 kwa 64, wakati do ya juu inataka 128 kwa 64, yaani mara mbili kamili. Mtengeneza kinanda huziba pengo hilo kwa kuivuta kila hatua juu kidogo, ili wimbo uweze kuanzia popote. Ni maafikiano tu, na simu ya Alphonce imefundishwa hayohayo.

Alphonce akasema hesabu haiimbi. Haya. Nikabonyeza do na mi, nikawataka wasikilize zinavyosuguana. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya kinanda, nikagawa nusu sauti, hatua ndogo kabisa ya kinanda, sehemu mia, nikaishusha mi sehemu kumi na nne, nikamwomba Bibi aimbe. Sauti yake ikaingia humo, ikatulia tuli. Simu ya Alphonce ilikuwa bado nyekundu, akaizima mwenyewe.

Nilifurahi mno, sifichi. Alphonce, ambaye si mtu mbaya, akamwomba Bibi radhi, kisha akaniuliza itakuwaje wimbo ukianzia do nyingine. Nikakiri kwamba kinanda kitabidi kipangwe upya. Bibi hahitaji kupangwa. Alphonce akauliza kama basi tukiondoe kinanda.

Bibi Gaudiosa alikuwa ameshavuta kiti chake mbele.

“Msikiondoe, mwanangu,” alisema. “Kiwekeni jirani na mimi. Kitazoea.”