King'amuzi cha Mejumaa

Kila alasiri, baada ya swala, wanawake wa kichochoro chetu hapa Mji wa Kale walikuwa wakija ukumbini kwangu na kofia zao za kudarizi, kutazama mchezo wa Rozaura. Nasema kutazama, lakini macho yao yalikuwa kwenye sindano. Kofia ya vito, ile ya matundu madogo madogo, haitaki mzaha. Wao wakisikiliza tu. Na walichosikiliza si runinga, ni mimi, kwa kuwa mchezo ulikuwa wa Kiingereza na mimi peke yangu ndiye niliyesoma. Nilisoma hadi darasa la sita. Kiingereza changu kilipoishia, niliendelea mwenyewe.

"Bi Mahfudha, yuwalia nini huyo?" Dama huniuliza.

"Mumewe ana mke mwengine Malindi."

"Malindi?"

"Malindi ya kwao huko. Dunga sindano yako."

Ikaja habari ya dijitali. Serikali ikatangaza siku ya kuzima mitambo ya zamani; wenye vituo vya runinga wakaenda kortini; siku ikasogezwa, ikasogezwa tena. Nikasema wataisogeza mpaka niingie kaburini. Bwana mmoja wa serikali alipita na kipaza sauti akihimiza tununue ving'amuzi vilivyoidhinishwa. Nilimpa gilasi ya sharubati, nikamwambia runinga yangu ni mtu mzima, haijifunzi mambo mapya.

Wakazima kweli. Tena Rozaura ameshika kisu, hatujajua ni cha keki au cha mumewe. Runingani chenga tupu.

Jirani yangu Mejumaa alikuwa na king'amuzi tayari. Kesho yake nikasikia kandambili zikipita mlangoni kwangu, hazisimami. Nikabaki na birika langu la kahawa. Alasiri ya mjane ni ndefu, jamani. Kumbe nilizoea kelele zao kuliko mchezo wenyewe. Na jambo jingine likanikaa kooni: Nabiha, mkazamwana wa Mejumaa, ni mwalimu wa shule huko Tononoka. Kiingereza chake hakiishii popote.

Haikupita wiki, Dama akaja kanuna.

"Bi Mahfudha, si wewe uliyetwambia Rozaura ana mke mwenza?"

"Ni mimi."

"Nabiha asema hana. Yeye na mumewe wagombania shamba la zabibu tu."

"Na yule mama mkwe mchawi?"

"Ati ni daktari wa meno."

Nikamimina kahawa taratibu, nikingoja matusi yangu.

"Wameuharibu mchezo!" Dama akasema. "Tangu waweke hiyo dijitali, maneno yote matamu wameyakata. Fairuz jana amesinzia, kajidunga kidole."

Nikashusha pumzi. "Serikali hiyo," nikamwambia. "Si niliwaonya?"

Jioni akaja Mejumaa mwenyewe, buibui begani. "Shoga, picha yangu safi kama kioo, lakini watu wasinzia. Njoo kwangu kesho."

"Miguu yaniuma."

"Ni mlango wa pili tu, we mwanamke!"

"Basi na huyo mwalimu wako?"

Mejumaa akacheka mpaka akashika ukuta. "Nabiha yuwajua kila kitu. Yeye ndiye aliyenituma."

Nikenda, nimejifukiza udi kama bi harusi. Nabiha akaniamkia, "Shikamoo, Bibi," akanikalisha kiti cha mbele, akanitilia mto mgongoni. Mchezo ulipoanza akachukua rimoti, akaizima sauti, asibakishe hata mnong'ono. Kisha akakaa chini na kofia yake, uso mkavu kabisa, mtoto yule mwerevu.

"Haya, Bibi. Huyu daktari wa meno amekuja kufanya nini leo?"

Nikamtazama yule mwanamke wa kwenye runinga. Picha ilikuwa safi mpaka niliona poda puani. Ameshika mkoba mweusi, yuwabisha hodi.

"Meno ni kisingizio," nikasema. "Humo mkobani mna hirizi, na yaenda kuzikwa chini ya kitanda cha Rozaura."

Sindano zote zikasimama.

"Wallahi?" akauliza Fairuz.

"Nipeni kahawa kwanza," nikasema.