Viatu vya Kukulia

Usiku wa jana niliota viatu vya mjukuu wangu vinabisha hodi kwenye mlango wa chumba changu. Vilikuwa humo humo ndani, juu ya sanduku, kwa hiyo vilibisha kwa upande wa ndani. Nikaitikia karibu. Mgeni akibisha hodi anaitikiwa, hata kama ameshaingia.

"Shikamoo, Bibi," kilisema kiatu cha kushoto.

"Marahaba. Na mwenzako mbona hasalimii?"

"Ana haya. Ulimi wake umezama ndani."

Nikainama, nikauvuta ulimi wa kiatu cha kulia, nikaunyoosha kwa kidole gumba. Kikanisalimia vizuri tu.

Hivi ni viatu vya ndondi. Nilimnunulia wiki hii Tunu, binti wa mwanangu, ninayeishi naye hapa Tanga. Anaviweka chumbani kwangu kwa sababu kwake kunavuja. Tunu anapigana ngumi. Mwanzoni sikupenda, baadaye nikazoea, na sasa ni mimi ninayemfulia bandeji zake za mikono. Alikuwa akifanya mazoezi na raba za kukimbilia, zenye soli nene kama mkate, na kabla ya Ramadhani kifundo cha mguu kikateguka. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Niliposikia kwamba leo jioni atapimana ngumi na msichana mmoja wa Muheza, na kocha atachagua mmoja wao aende kwenye mashindano, nilikwenda sokoni peke yangu nikamletea viatu vyenyewe. Akavivaa, akasimama, akasema, "Vimenikaa, Bibi." Akanibusu mkono.

"Tunaitwa kwenye mizani," kiatu cha kushoto kikaendelea. "Viatu vyote vya ndondi vinapimwa kabla ya jioni. Na wewe umeitwa."

"Mimi si kiatu."

"Ndiyo, lakini wewe ndiye uliyenunua."

Nikajitanda kanga, nikavibeba. Nafungua mlango wa uani, natokea ndani ya lile ghala la zamani la mkonge ambalo vijana wamelifanya klabu ya ngumi. Mabeseni yangu ya kufulia yapo, yamepangwa kuzunguka ulingo, na kila beseni limekaliwa na jozi ya viatu.

Sikushangaa sana. Nilitafuta pa kukaa. Raba moja nene ikasogea ikanipisha kwenye benchi, na nataka niseme kwamba ilikuwa raba yenye adabu.

"Pole na njia, Bibi."

"Nimeshapoa, mwanangu. Wewe nawe unapimwa?"

"Nimeshapimwa. Nimekataliwa." Ikashusha pumzi kupitia matundu ya kamba. "Mimi nilifundishwa kwenda mbele tu. Wakaniambia nenda pembeni, nikaanguka ubavu. Na nilikuwa na mtu ndani."

"Pole sana."

"Asante. Lakini kamba naruka, na kukimbia asubuhi hakuna anayeniweza. Ni ulingoni tu ndiyo wamenikataa."

"Basi hujakataliwa. Umepangiwa kazi yako."

Ikafikiri, kisha kamba zake zikasimama kwa furaha.

Juu, karibu na mabati, kulikuwa na viatu vinaelea, vimefungwa uzi kwenye nguzo ili visipotee. Tangazo la ukutani lilisema kiatu cha ndondi kiwe chepesi, navyo vilikuwa vimetii kupita kiasi. Kimoja kiliniomba nikivute chini kidogo kikanywe maji. Nilikivuta.

Katikati ya ulingo, kiatu chekundu kimelala kifudifudi, kimeng'ang'ania sakafu kwa soli yake yote.

"Kile kimepatwa na nini?" nikauliza.

"Kimeambiwa kishike sakafu," raba ikaninong'oneza. "Tangu jana kimeshika. Mwenye mguu aligeuka arushe ngumi, mwili ukageuka, kiatu kikabaki. Ameondoka goti lake linatazama nyuma."

Nikakiita. "Wewe mwekundu! Ukimshika mzee mkono avuke barabara, akishafika ng'ambo si unamwachia?"

Kikafikiri. "Sikuambiwa habari ya kuachia."

"Ndiyo nakuambia mimi."

Kikaachia upande mmoja, kikaona hakuna kilichoharibika. Kisha kikaanza kuzunguka taratibu kwenye ncha yake, kinacheka peke yake.

Kando ya kamba kilisimama kiatu chenye shingo ndefu. Kilikuwa kimemshika mkono kifundo cha mguu, kama unavyomshika mtoto mdogo kwenye msongamano. Kifundo kinataka kuchomoka kwenda nje. Kiatu hakikazi, hakilegezi. Kinasema tu, "Tulia, tuko wote." Nilikipenda kiatu kile. Nikavitazama vya Tunu mapajani mwangu, nikajiuliza kama navyo vina moyo huo.

Mara mfuniko wa sufuria ukagongwa. Mwamuzi akapanda ulingoni, amevaa shati jeupe na tai ndogo shingoni. Alikuwa beberu wa jirani yangu, Mama Shemboko.

Mimi na beberu yule hatukuwa na maelewano. Juzi nilikuta kipande cha pindo la kanga yangu ya kijani yenye maua ya korosho hakipo, na kanga iko kwenye kamba ya nguo. Nilimwendea Mama Shemboko nikamwambia mbuzi wake ananilia nguo. Sikusema kwa sauti ya chini.

"Viatu vya Tunu," beberu akaita. "Nani alivipima?"

"Muuzaji aliangalia kwa macho," nikasema.

"Aliangalia mguu wa nani?"

"Hakukuwa na mguu. Mwenyewe alikuwa mazoezini. Nilitaka nimshtukize."

"Anavaa namba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Na hivi?"

Nikakohoa. "Arobaini. Nilichukua vya kukulia."

Viatu vyote vikageuza ncha kunielekea. Hata vile vinavyoelea vilishuka kidogo ili visikie.

"Tunu ana umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Na miguu yake bado inakua?"

Mimi nimelea watoto kwa vitu vya kukulia. Sketi ya shule unakunja pindo, sweta unakunja mikono, kiatu unatia pamba mbele, na mwaka unaofuata unakunjua. Muuzaji aliponiuliza namba, mdomo wangu ulijibu kwa mazoea.

"Vaa," beberu akasema. "Aliyenunua atavijaribu."

Nikavivaa, na miguu yangu hii yenye visigino vya nyufa. Beberu akaninyanyulia kamba ya ulingo kwa pembe yake ili nisiiname sana. Hilo pia nililiona.

Kwenye kona ya pili anainuka mpinzani wangu. Ni sweta la bluu la Tunu, lile la darasa la kwanza. Mikono yake inaburuta sakafuni.

"Shikamoo, Bibi. Utanisamehe, nitakupiga kidogo."

"Marahaba. Usijali, kazi ni kazi."

Sweta linarusha mkono kutoka mbali kabisa na mkono unafika. Ninakwenda kulia: mguu unakwenda kulia, kiatu kinabaki kinatazama kushoto. Ninarudi nyuma: kisigino kinachomoza nje ya kiatu kama mtu anayechungulia dirishani. Sweta halikuniumiza. Lilikuwa linanigusa bega kwa upole, kama anayepangusa meza, lakini lilinigusa kila lilipotaka.

"Hata wewe nilikununua mkubwa," nikasema, nahema. "Na ukamfaa."

"Mimi nilikuwa na nafasi ya kungoja, Bibi. Darasa la kwanza nilimngoja. La pili nikamngoja. La tatu akanijaa, tukaenda wote hata kwenye picha ya shule. Hivi viatu vitamngoja mpaka lini? Yule msichana wa Muheza atarusha ngumi leo leo."

Likarusha tena. Nikakwepa. Kiatu hakikukwepa. Mguu ukateleza mbele hadi mwisho wa kiatu, na mimi mzima nikaufuata.

Ndani ya kiatu ni chumba. Kisafi, hakina dirisha. Mwisho wake, mahali vinapotakiwa kukaa vidole, kimekaa kitambaa cha kijani, kimejikunyata, kina fundo kubwa kifuani.

"Karibu, Bibi," kikasema. "Samahani siwezi kuinuka. Nikiinuka, hapa patabaki patupu."

Nikasogea. Nikayatambua maua ya korosho.

"Wewe si pindo la kanga yangu?"

"Ndiye mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuchanika, Tunu akamalizia kwa mkasi. Akanifunga fundo kwa mkono wake wa kushoto, akanishindilia humu. Mwenzangu yuko kwenye kiatu cha pili. Tunafanya kazi ya vidole, ingawa hatukuisomea."

"Sasa kwa nini asiniombe?"

"Ungemuuliza kitambaa cha nini."

"Ningemuuliza, ndiyo. Naye angeniambia."

"Angekuambiaje, Bibi? Alikuona umerudi na jua lote lile na magoti yako hayo. Alikuona unavifuta vumbi kwa kanga uliyovaa kabla hujampa. Akatunong'oneza, nisaidieni nyie, Bibi asijue."

Nikakaa chini, kwenye sakafu ya kiatu. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia.

"Na jioni utamsaidia?" nikauliza.

"Akisimama namsaidia. Akiruka kamba najitahidi. Lakini akijipinda kurusha ile ngumi yake ya kushoto, mimi nitabonyea, mguu utacheza, na kile kifundo kilichoteguka ndicho kitakachokwenda tena. Siyo roho mbaya, Bibi. Mimi ni kitambaa."

"Basi niambie kiatu kinachofaa kinakuwaje."

Kitambaa hakikujua. Ulimi wa kiatu ukashuka kutoka darini, ukajibu wenyewe.

"Unapomsuka Tunu nywele mtindo wa twende kilioni unafanyaje?"

"Nakaza hadi nywele zitulie. Nikiona jicho linavutika, nalegeza."

"Ndivyo hivyo. Kisigino kitulie, kisipande na kushuka. Vidole vipate pa kujinyoosha, visipate pa kutembea. Soli iwe nyembamba aisikie sakafu, na igeuke anapogeuka. Avae na soksi zake za ulingoni, asimame, azunguke, aruke. Na awepo mwenyewe."

"Hilo la mwisho ungeanza nalo," nikauambia.

Kichwa cha beberu kikaingia kwenye mdomo wa kiatu, na mwanga nao ukaingia.

"Raundi imekwisha. Mshindi ni sweta."

"Sawa," nikasema. "Lilistahili."

Beberu hakuondoka. Alikitazama kitambaa. Kitambaa kikatazama chini.

"Na mimi, Bibi?" akauliza.

Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. "Nisamehe, baba. Nilikusingizia."

"Mama Shemboko amenifunga kamba fupi tangu juzi," alisema bila kulalamika. "Hata maganda ya ndizi siyafikii. Nayaona tu."

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Uani nilisikia kamba inapiga saruji, Tunu anaruka. Nasikiliza vishindo vyake kila asubuhi, na nilijua anaruka peku. Viatu vilikuwa juu ya sanduku, kimya. Nikachukua cha kulia, nikaingiza mkono hadi mbele kabisa. Vidole vyangu vikakutana na kitu laini.

Nikakitoa polepole. Kijani. Maua ya korosho. Fundo limefungwa kinyume, kama anavyofunga mtu wa mkono wa kushoto.

Kisha nikakirudisha mahali pake, nikakishindilia kama nilivyokikuta, nikatoka uani na viatu mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Mbona umevibeba?"

"Marahaba. Vinakubana?"

"Havinibani hata kidogo!"

"Haya. Mimi rangi yake imenikataa. Usiku kucha inanikataa. Yule muuzaji alisema nikitaka kubadilisha nirudi. Chukua soksi zako za ulingoni twende wote."

Akaacha kuruka. Akanitazama usoni, akatazama viatu.

"Rangi tu, Bibi?"

"Rangi tu."

"Basi lete nivifute kwanza," akasema haraka haraka, akavichukua, akanipa mgongo.

Nikajishughulisha na kufunga kanga yangu vizuri ili apate nafasi. Alipogeuka, mfuko wa suruali yake ya mazoezi ulikuwa umetuna, na ncha ya kijani ilikuwa inachungulia. Sikuiona.

Nikaingia jikoni nikakusanya maganda ya ndizi za jana.

"Hayo ya nini tena?"

"Ya beberu wa Mama Shemboko. Tunapita hapo kwanza."

"Si ulisema anakula kanga?"

"Nilisema. Amekataa."

Tunu alicheka, halafu akaacha kucheka. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wenyewe.

Tangu juzi sikuwa nimekanyaga kwa Mama Shemboko, kwa ukali niliokuwa nao. Tulimkuta beberu kwenye nguzo ya banda, amefungwa kamba fupi, fupi kuliko kimo chake. Hatua chache mbele yake kulikuwa na rundo la maganda ya ndizi, na alikuwa analiangalia.

"Bibi," Tunu akasema kwa sauti ndogo, "siyo yeye."

"Najua, mama. Shika viatu vizuri."

Nikafungua kamba.