Mafuta kwenye Breki za Duván

Duván alipoanguka kwenye kona ya Piedra Gorda, watu walikwisha kumpata mwenye makosa kabla hata kijana hajatolewa majanini. Walisema ni fundi Nolberto, aliyemfungia breki mpya.

Duván ni mtoto wa wifi yangu, Blanca Lilia. Tangu kaka yake, mume wangu, alipotangulia mbele ya haki, mimi na wifi tunakaa nyumba moja iliyogawanywa na ua. Lake jiko la mbele, langu jiko la nyuma, na kuku ni wetu sote. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikusimuliwa.

Kijana huyo huchuma kahawa siku za kazi. Jumapili, baada ya misa, yeye na wenzake hupakia baiskeli zao juu ya gari la jipu, wakapandishwa mpaka kileleni, kisha wakaiteremka njia ya zamani ya nyumbu wa mizigo mpaka mtoni. Mawe, matope, mizizi, wao kwao ni raha. Alichopata kwenye kahawa kilienda kwenye baiskeli.

Mwanzoni alitaka shokapu nyekundu ya mbele na usukani mpana, kama alivyoona kwa vijana wa mjini. Nolberto alimcheka. Nilikuwapo, nimepeleka toroli langu lizibwe pancha.

"Hicho ni kioo cha kujitazamia, kijana," alimwambia. "Kwanza tushughulike na kinachogusa ardhi, halafu na kinachokusimamisha. Urembo utajileta wenyewe."

Akamwelekeza aanze na matairi mapana yenye meno, yasiyo na tyubu ndani, ili ayaendeshe na upepo kidogo yashike mawe badala ya kurukaruka juu yake. Kisha breki za diski, zile zinazobana kisahani cha chuma katikati ya gurudumu. Kisha pedali zenye vijino, mguu usichomoke, na siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe, ili kwenye mteremko mtu akae nyuma asipinduke. Shokapu ya zamani aliifungua, akaisafisha, akabadilisha mpira wake, ikawa kama imetoka dukani. Duván akarudi nyumbani akisema baiskeli imezaliwa upya.

Wifi akaizunguka akiitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua. "Umebadilisha yote," akamwambia, "ila jambo moja. Haijabarikiwa."

Kwetu, sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli ni ya madereva. Kila chenye gurudumu huletwa mbele ya kanisa: majipu ya kahawa, pikipiki, hata baiskeli za watoto, vimefungwa maua na puto, na Padre hupita akinyunyizia maji. Na kitu hakiletwi kwa Bikira kikiwa kichafu. Madereva hukiosha, halafu hupitisha kitambaa chenye mafuta kwenye kila chuma, king'ae. Baba mkwe wangu aliendesha jipu maisha yake yote, na aliyekuwa akimng'arishia jipu hilo kila mwaka ni binti yake, huyu huyu Blanca Lilia. Alikua akijua kwamba chuma kisichong'aa ni dharau.

Siku ya kuamkia sikukuu nilikuwa uani nachambua maharage. Wifi alitoa baiskeli ya mwanawe, akachukua kitambaa na chupa ya mafuta ya kupikia, akaanza. Alikuwa akiimba wimbo wa Bikira. Alipaka fremu, akapaka usukani, akafika kwenye vile visahani vya magurudumu, akavisugua kuliko vyote, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vimeanza kung'aa vyenyewe. Nilimwona. Nikamwambia imependeza.

Asubuhi Duván aliisukuma kwa mkono kwenye maandamano, maua yamejaa mpaka kwenye pedali. Ikabarikiwa. Baada ya hapo vijana wakapanda kileleni kama desturi yao, na yeye akatangulia kushuka. Kona ya kwanza yenye mteremko mkali ndiyo Piedra Gorda. Alivuta breki zote mbili mpaka mwisho, baiskeli ikaendelea kama haijaambiwa kitu. Alivunjika mguu na mfupa wa bega.

Kitandani aliyasema hayo kwa kila aliyekuja kumpa pole. Alisema Nolberto alimwekea pedi za breki bandia. Maneno yakashuka mtaani kama maji ya mvua. Vijana waliokuwa wakishinda kwenye ukumbi wa karakana ya Nolberto wakachukua baiskeli zao wakazipeleka mji wa pili. Wengine walipita makusudi mlangoni wakiambiana kwa sauti: "Nenda kwa Nolberto, atakufungia breki za sabuni."

Nolberto mwenyewe akaja nyumbani kumwona mgonjwa, kofia mkononi. Duván akageukia ukutani. Fundi alikwenda uani, akaiinamia baiskeli, akafungua pedi, akazinusa. Kisha akasimama kwenye mlango wa jiko, ambako wifi alikuwa akikoroga supu na mimi nikikata vitunguu.

"Doña Blanca," alisema, "hizi pedi zinanukia kaango. Nani ameiosha hii baiskeli?"

Wifi hakugeuka. Alijibu kwamba hajui, labda vijana walipoibeba kutoka porini. Nolberto akazikunja zile pedi kwenye leso yake, akatuaga, akaondoka. Mwiko wa wifi ukaendelea kuzunguka kwenye sufuria ambayo ilikwisha kuepuliwa motoni.

Tangu hapo nikawa namwangalia. Alimlisha mwanawe kijiko kwa kijiko, akamkanda, akambadilisha shuka, na kila Duván alipomtaja Nolberto kwa matusi, yeye aliokota chombo kisichohitaji kuoshwa akaenda kukiosha. Arepa yake, mkate wa mahindi, ilibaki sahanini mpaka kuku wakaipata. Jumapili, watu walipoinuka kwenda kupokea komunyo, Blanca Lilia alibaki kwenye benchi, rozari imezungushwa mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mwanamke asiyekosa komunyo hata akiwa na homa.

Nami nilikuwa nimenyamaza. Nilijiambia siri ni yake, aitoe mwenyewe. Lakini macho yangu ndiyo yaliyoiona ile chupa, na kinywa changu ndicho kilichosifu. Wakati sisi wawili tunaficha, mzee wa watu anakaa kwenye karakana tupu akifagia palipokwisha kufagiwa.

Nikamfuata kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia, "Wifi, mimi nilikuona."

Akaning'inia kwenye shuka lililolowa kama mtu anayeshika nguzo. Alisema amekwenda kuungama, na Padre amemwambia Mungu amekwisha kusamehe, ila kulisafisha jina la fundi hakuko mikononi mwa Padre. Alisema angeweza kumwambia ulimwengu mzima isipokuwa Duván. "Nilitaka Bikira amlinde," alisema. "Nimemvunja mwanangu kwa mikono yangu, na nilikuwa naimba."

Nikamwambia aanze na huyo huyo Duván. Akaingia chumbani huku ananuka sabuni. Nilisimama mlangoni ili asipate pa kutokea.

Duván alimsikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atapiga kelele kwa ajili ya mguu. Hakuutaja mguu.

"Mama," alisema, "siku zote hizi unanilisha supu, unanisikia nikimtukana yule mzee. Unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Na mimi niligeukia ukutani alipokuja kunipa pole." Akajifunika uso kwa mkono ule mzima. Baadaye, kutoka chini ya mkono, akamwambia mama yake aende kwa Nolberto, asingoje yeye apone.

Tulikwenda wote wawili. Nolberto alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake hakuna baiskeli hata moja. Wifi alisema bila kuzungusha: mafuta, kitambaa, visahani, na ule uongo wa jikoni. Fundi hakumwambia kwamba si kitu, maana ilikuwa kitu.

"Mafuta nayaweza," alisema. "Diski naipiga spiriti, pedi naweka nyingine, kesho inashika. Haya maneno ya watu, doña Blanca, ndiyo sina cha kuyasugulia."

"Hayo ni yangu," wifi akajibu.

Tukaanza na nyumba ya mama wa kijana wa kwanza aliyehamisha baiskeli yake. Wifi alisimama kizingitini akaeleza. Yule mama aliangua kicheko, akamwita mumewe, akamtaka arudie ile ya mafuta ya kupikia ili naye asikie. Wifi akarudia. Uso ulikuwa umemwiva, lakini alifika mpaka kwenye uongo wa jikoni, akaumalizia.

Nyumba ya pili hawakucheka. Walimwambia hawezi kujiita mama. Hapo nikasema nami nilikuwapo, niliiona chupa, nikasifu. Wakatutazama sote wawili kwa jicho lile lile.

Tulipotoka, wifi aliegemea ukuta wa barabarani. Mlima wote ulikuwa mbele yetu, na kwenye kila kipenu chake baiskeli. Aliniuliza kama ninadhani inatosha kwa leo.

Nikamwambia Nolberto anafungua karakana kila siku, na haingii mtu.

Akajifuta uso kwa upindo wa shali, akatangulia kwenda kubisha hodi nyumba inayofuata.