Lebo ya Mfalme Kijana

Mshonaji alifungua kifurushi kwa mkasi wa kukatia nyuzi, akakuta sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki, kama alivyoagiza. Lebo ya kampuni ya wakaguzi wa sarafu ilisema: mfalme kijana, hana ndevu, daraja la juu. Aliyekuwamo alikuwa mfalme mzee, ndevu tele, akigonga plastiki kwa paji la uso.

"Mimi siye huyo aliyeandikwa," alisema.

Ilikuwa zawadi ya kumpa baba mkwe, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa hasemi na mtu ila akitaka chumvi. Mshonaji alishika kichwa. Kabla hajajua la kufanya, baba mkwe alikwisha kuvuta kiti, na wale wazee wawili wakaanza kulalamikia magoti. Mfalme hakuwa na magoti, ila alilalamika vilevile.

Wiki nzima nyumba ilijaa soga. Mshonaji alifurahi kupita kiasi. Shida ilikuwa moja: kila asubuhi mfalme aliisoma lebo kwa ndani, kinyumenyume, akakosa raha.

"Mwanangu, waniandike mimi. Basi."

Kuvunja kasha hakukuwezekana, maana ulinzi wa mnunuzi, yaani dhamana ya kampuni, ungekwisha papo hapo. Akampeleka mfalme kwenye ile kampuni ya wakaguzi, akamwekea karani kasha sikioni.

"Namsikia," karani alisema. "Lakini mama, anayelalamika ni mnunuzi, si sarafu. Lebo na sarafu havilingani, sivyo?"

"Havilingani."

"Tutavilinganisha. Ondoa shaka, umelindwa."

Mshonaji aliiacha sarafu, akaondoka akiwa hajui kama amesaidiwa au amefukuzwa.

Sarafu ilirudi na lebo ileile. Mfalme alikuwa kijana, kidevu laini, akitazama pembeni, kimya. Kasha halikuwa na alama yoyote ya kufunguliwa. Chini yake, upande wa ndani, zilibaki nywele chache za fedha.

Baba mkwe alivuta kiti, akasalimia. Akangoja. Akalifuta kasha kwa pindo la shati, akasalimia tena kwa sauti kubwa, kama anayesema na kiziwi.

"Binti yangu," alisema mwishowe, "walisahihisha nini hawa?"

Mshonaji aliisoma lebo, akamtazama yule kijana, akaisoma tena. Kila kitu kililingana, na machozi yakamtoka.