Pia Iliyovuka Ua

Bi Nusra alimfunga mjukuu wake kilemba ili nywele zisidakwe na mashine, na Miska akacheka hata akapaliwa.

"Nyamaza, fundi hacheki," Bi Nusra akamwambia, naye mwenyewe akicheka. "Haya, miwani ya kinga. Mikono ya shati, kunja."

Walikuwa bandani, nyuma ya nyumba ya Bi Nusra huko Hayes, ughaibuni. Alipostaafu kazi ya kufungasha vyakula vya abiria wa ndege, wenzake walidhani atanunua zulia jipya. Yeye akanunua mashine kuukuu ya kukerezea mbao. Baba yake, kule Wete, alikuwa akikereza miguu ya vitanda. Watoto wa kiume aliwafundisha. Nusra alipewa ufagio azoe maranda. Alizoa, na huku akiiba ujuzi kwa macho.

Miska alikuwa na miaka minane. Kiswahili alikielewa chote, lakini akiulizwa hujibu kwa Kiingereza. Bandani palikuwa na sheria moja: kifaa usichokitaja kwa Kiswahili, hukigusi.

"Patasi," Miska akasema upesi upesi. "Msasa. Kamba. Bibi, washa!"

Mashine ikanguruma. Kipande cha mguu wa kiti kikaanza kuzunguka mpaka pembe zake zikapotea machoni. Bi Nusra akaifumbata mikono ya mtoto ndani ya mikono yake, wakaisogeza patasi taratibu. Maranda yakaruka kama mvua, yakawaingia kwenye shingo, yakatumbukia kwenye kikombe cha chai. Miska akapiga kelele za furaha, na Bi Nusra akajikuta anapiga kelele naye.

Walikuwa wakichonga pia, kichezeo cha kuzungusha kwa kamba. Ya kwanza ilitoka kama kitunguu kilichokaliwa. Walipoizungusha ilipepesuka kama mlevi, ikaanguka. Ya pili ilikuwa nzuri. Wakaipiga msasa, wakaitia msumari butu chini, wakaiviringishia kamba, na Miska akatoka nayo uani.

"Polepole, mwanangu. Tupa chini, vuta ka—"

Miska alikwisha tupa. Pia ikapaa juu ya ua, ikaenda zake kwa jirani. Kukasikika *chubwi!*, kisha sauti ya mwanamume: "Mama yangu!"

Kichwa cha Bwana Alnashir kikachomoza juu ya ua. Alizaliwa Tanga, na kila Jumamosi hukaanga bhajia nje ili nyumba isinuke mafuta. Unga wa dengu uliokorogwa ulimjaa kwenye nyusi, na mkononi alishika pia inayochuruzika.

"Bi Nusra, umetangaza vita?"

Bi Nusra akataka kuomba radhi, kicheko kikambana. Miska, aliyekuwa amejificha nyuma yake, akajitokeza. "Samahani, babu," akasema. "Pia yangu imeruka. Naomba unirudishie nitupe tena."

Sentensi nzima, tena bila kusita! Bi Nusra akaziba mdomo kwa kiganja.

"Tena?" akauliza Bwana Alnashir. "Ngoja nije nikuonyeshe. Tanga nzima walikuwa wakiniogopa."

Akaja na sahani ya bhajia, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatupa. Pia ikamgonga kidole cha mguu. Akarukaruka kwa mguu mmoja, na Miska akaanguka chini kwa kucheka.

Hapo ndipo Hafidh, baba yake Miska, alipoingia kumchukua mwanawe, amevaa suti. Akamkuta mama yake ndani ya ovaroli, jirani anachechemea, na mtoto ana maranda hadi masikioni.

"Mama! Mashine ile ni ya kumpa mtoto?"

"Yeye ameshika patasi, mimi nimemshika yeye. Shida iko wapi?"

Hafidh akafungua kinywa, lakini Miska alikwisha mtia pia mkononi. Akaitazama. Akaviringisha kamba, polepole, kama mtu anayejaribu tu. Akatupa.

Pia ikatua kwa msumari wake, ikasimama wima, ikazunguka kwa utulivu hata ikaonekana kama haizunguki. Bwana Alnashir aliacha kutafuna. Hafidh alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji iliyolowa maji, suruali na yote, shavu karibu liguse chini. "Usianguke," alikuwa akinong'ona. "Usianguke, usianguke." Ilipoanguka hatimaye, wote wanne walipiga ukelele mmoja hata mbwa wa mtaa wa pili wakabweka.

"Mama," Hafidh akasema, bado amepiga magoti, "nataka na mimi pia."

Miska akamkazia macho. "Unataka na wewe, au unataka pia?"

Bi Nusra alicheka mpaka akaketi chini. Mjukuu wake amefanya mzaha, kwa Kiswahili, na umekolea!

Muda si mrefu koti la suti lilikuwa limetundikwa mlangoni pa banda. Hafidh aliibana patasi kwa nguvu, na kipande chake cha kwanza kikapasuka katikati.

"Baba!" Miska akamkaripia, mikono kiunoni. "Taratibu! Hukati nyama!"