Rosendo Akishuka Tangini

Nilimchora marehemu mume wangu kwa hasira, na sioni haya kusema. Nilimchora akishuka kwenye tangi la saruji, koleo begani, mkono wa pili mtupu. Mshumaa sikumpa. Huku kwetu Mendoza, kwenye mashamba ya mizabibu, hata mtoto anajua: kabla hujashuka kuzoa makapi ya zabibu, unatanguliza mshumaa kwa waya. Ukizimika, humo ndani hamna hewa, na mtu haingii. Rosendo hakuushusha, ndivyo nilivyoambiwa, maana alikuwa amelewa. Lisemwalo lipo, nikajiambia. Aliniachia mtoto mchanga na aibu ya kutembea nayo dukani na kanisani.

Kwa hiyo kiwanda cha mvinyo alikofia kilipofungua makumbusho kwenye ghala lake la zamani, kikatualika wachoraji wa hapa tutundike picha zetu humo msimu wa mavuno, nilipeleka hiyo. Bwana Olmedo, mwenye kiwanda, aliipenda mno. Akaitundika juu ya meza yenye mshumaa wenyewe na waya wake, karibu na mtambo wa kukamulia.

"Bi Nélida, picha hii inafundisha," akaniambia. Nami nikavimba kichwa.

Aliyewaongoza wageni alikuwa binti yangu, Aurelia, kaajiriwa kwa msimu. Siku ya ufunguzi nilisimama pembeni nikimsikiliza.

"Mfanyakazi huyu alidharau mshumaa," aliwaambia watu waliotoka Buenos Aires. "Ulevi ulimponza."

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Nilimlisha tangu ananyonya. Hakuwaambia kuwa huyo ni baba yake. Nani angesema?

Shemeji yangu Zenón, mdogo wake Rosendo, ndiye mlinzi wa makumbusho. Alikuwa mlangoni akitafuna empanada, sambusa ya huku kwetu. Akaacha kutafuna.

"Uongo," alisema.

"Ba'mdogo, niko kazini," Aurelia akamnong'oneza.

"Aliushusha. Mimi ndiye niliyeshika waya. Ukazimika. Tukauwasha tena, ukazimika tena."

"Zenón, umekunywa nini wewe?" nikamuuliza.

"Ningekuwa mnywaji ningeshasema zamani, shemeji."

"Sasa kama ulizimika, aliingia kufanya nini?"

Akamtazama Bwana Olmedo, kisha akatazama sakafu. "Malori ya zabibu yalijaa getini. Bosi akasema mshumaa umezimwa na upepo, na asiyetaka kuingia aende kwao asirudi. Zamu ilikuwa yangu. Kaka akaninyang'anya koleo. Akasema, 'Toka hapa, mwoga we, utatuchelewesha.' Akacheka, akashuka."

Wageni walitazamana. Bwana Olmedo akaniwekea mkono begani. "Bi Nélida, twende ofisini tuzungumze. Mambo ya zamani haya, tena mbele ya watu..."

"Ondoa mkono wako."

Nilitamani kumzaba Zenón kibao. Kila Jumapili alikula mezani kwangu, akanisikia nikimwita kaka yake mlevi, na yeye akaomba aongezwe supu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti, wasikie wote. Machozi yalimchuruzika hadi kwenye sare aliyopewa na kiwanda.

Aurelia alikuwa hamtazami yeye. Alinitazama mimi.

"Mama, baba alikuwa anakunywa sana?"

Nilitafuta jibu jingine sikulipata. "Hapana. Glasi moja tu ilimtosha kusinzia," nikasema.

"Na hilo ulilijua."

"Nililijua, mwanangu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ikakataa. Nilinyoosha mkono nimshike, akarudi nyuma.

Kundi jingine likaingia, limechangamka, glasi mkononi. Bwana Olmedo akamwashiria Aurelia awapeleke moja kwa moja kwenye mapipa. Akajifanya hakuona. Akajifuta uso kwa kiganja, akasimama chini ya picha yangu.

"Huyu ni baba yangu, Rosendo," alisema, na sauti yake haikutetereka. "Aliushusha mshumaa. Ukazimika. Akaamriwa kuingia, akaingia badala ya mdogo wake, akafa."

Mama mmoja wa makamo akaisogelea picha. "Mbona mshumaa wenyewe siuoni hapa?"

"Aliyemchora ni mkewe," Aurelia akamjibu. "Hakuwahi kuuliza."